Marubani hupenda kutua wapi? Nimewauliza sana hapa gatini Manda, karibuni tuzungumze

mtu_wa_gati (mleta uzi)

Assalaam aleikum wadau. Mimi ni mtu wa boti, navusha abiria kutoka gati la Manda kwenda mjini Amu, yaani mji wa Lamu, na Shela, kazi hii naifanya miaka mingi sasa. Kwa wasiojua, uwanja wa ndege wa Lamu hauko kisiwa cha Lamu, uko Manda ng'ambo ya pili, ukishuka ndege begi lako lasukumwa na mkokoteni mpaka gatini halafu unapanda boti. Marubani nao wakilala huku wanavuka na sisi, na mimi kila nikipata rubani nina swali langu moja tu, nalo ni hili, katika viwanja vyote ulivyotua ni kipi ukikumbuka moyo wafurahi?

Nilidhani watanitajia viwanja vikubwa vya London au Dubai, lakini wallahi hakuna hata mmoja. Wananitajia vijiwanja vya milimani, visiwani, vya mchanga, mahali ambapo mtu lazima ashike usukani kwa mkono wake na macho yake. Mmoja akaniambia uwanja mkubwa njia yake ni ndefu na mitambo yakuleta mpaka chini, lakini kiwanja kidogo ni kama kuzungumza na mtu.

Sasa kilichonifanya nianzishe uzi ni hiki. Siku moja msimu wa upepo wa kaskazi nilimbeba rubani mmoja kijana, maji yalikuwa yatoka kwa nguvu, na nyinyi mnaoujua mlango ule wa bahari mwajua mkondo wake. Mimi omo, yaani pua ya boti, sikuielekeza gati la Amu, niliielekeza juu kabisa upande maji yatokako, boti ikawa yaenda kiubavu ubavu lakini njia yenyewe imenyooka kwenda gatini. Yule kijana akanitazama muda halafu akasema mzee hivi ndivyo nilivyotua sasa hivi. Nikamuuliza vipi? Akaniambia upepo ukimpiga ubavuni akiilekeza pua ya ndege kwenye njia upepo utamsukuma nje, kwa hiyo pua huielekeza kwenye upepo, ndege yashuka imekaa mshazari kama kaa anavyotembea, na ikikaribia kugusa chini ndipo huinyoosha kwa miguu yake, pale kwenye pedeli. Nilikaa kimya mpaka tukafika. Yaani babu zetu walikuwa na elimu hii na tanga la kitambaa, na mtu wa angani anaifanya ile ile.

Basi leteni mnayoyajua. Viwanja vigumu, viwanja vizuri, na mwenye kuruka ndege humu ajitokeze.

sabaki_mwekundu

Waaleikum salaam. Umetaja Manda sawa lakini usitusahau Malindi kaka. Mimi nimezaliwa karibu na kiwanja, ndege zilikuwa zatupita juu ya paa tukicheza. Njia yetu ni fupi, kama kilomita 1.4 tu, maneno ya kuirefusha tumeyasikia tangu tukiwa wadogo, kwa hiyo zinazotua ni zile za pangaboi, midege mikubwa ya watalii hushukia Mombasa halafu watu wanakuja kwa barabara.

Lakini mandhari yake! Ukija kwa juu kutoka kaskazini waona mto Sabaki umeingia baharini na tope lake jekundu, hasa mvua zikiwa zimenyesha bara, maji yamegawanyika kabisa huku buluu huku hudhurungi. Na jambo ambalo watu wengi hawalijui, lile tope halilali mahali pamoja. Wakati wa kaskazi laja kusini kwenye ghuba ya Malindi, ndiyo maana ile miezi ya Disemba mpaka Machi maji ya kuogea yachafuka, na kusi, upepo wa kusini, ikiingia linasukumwa kwenda juu upande wa Ngomeni. Mtu akiwa angani akitazama tope limelalia wapi ashajua ni msimu gani.

Na mkizungumzia kuruka, msisahau hapo Ngomeni ndipo Waitaliano walikuwa na jukwaa lao baharini, setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka hapo tarehe 12 Disemba 1970, siku ya Jamhuri yenyewe, ndiyo ikapewa jina hilo. Haya turudi kwenye kutua.

mgeni_wa_nakuru

Nauliza tu, nimeona pale Malindi kwenye njia ya ndege wameandika 17 upande mmoja na 35 upande wa pili. Hizo namba ni za nini?

caravan_ya_asubuhi

Naweza kujibu hiyo. Ni dira. Chukua digrii za dira uondoe sifuri ya mwisho, 17 ni digrii 170, yaani ukitua hapo unaelekea karibu kusini, na 35 ni digrii 350, unaelekea karibu kaskazini. Ni njia moja ila ina vichwa viwili.

Na hapo ndipo Malindi ilinifundisha kazi. Ndege hutaka itue ikiutazama upepo, yaani upepo wa omo kama mnavyosema nyinyi, kwa sababu ukipata upepo usoni mwendo wako juu ya ardhi unapungua na unasimama mapema, na kwa njia ya kilomita moja na kitu hilo si jambo dogo. Wakati wa kusi tunatua 17, upepo unakuja karibu usoni kabisa, raha. Wakati wa kaskazi tunatua 35, lakini kaskazi yenu jina lake linadanganya, haitoki kaskazini moja kwa moja, yatoka kaskazini mashariki, kwa hiyo inatupiga bega la kulia. Hapo ndipo huyo kaa wa mleta uzi anapotembea, na mchana jua likiwa kali na upepo wa bahari umeongezeka miguu inafanya kazi kwelikweli.

Mimi nimeruka Caravan kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kuja Pwani kwa muda. Ile ni ndege ya injini moja, abiria kumi na kitu. Wilson iko juu, zaidi ya futi 5,500, hewa yake nyepesi, na jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi, injini inavuta hewa haipati ya kutosha na mabawa nayo hivyo hivyo, unakimbia njia ndefu kabla hujaondoka chini. Ukifika Manda uko usawa wa bahari, hewa nzito, ndege yote inabadilika mkononi, inakuwa kama imekula ikashiba. Swali la mleta uzi mimi jibu langu ni Manda, asubuhi, maji yakiwa yamejaa. Unaupita mto Tana umejikunja kunja kama nyoka, unaona mikoko, halafu michanga ya Shela meupe hivi, na ule mji wa mawe umejibana ufuoni. Sijaona mfano wake.

binti_mkomani

Mashallah kaka umeeleza vizuri. Mimi ni mtu wa Mkomani, mtaa wa Amu, na kila nikirudi nyumbani nafumba macho mpaka magurudumu yaguse, sasa mmenitia hamu ya kutazama.

pilau_ya_jumapili

Kwa ugumu hakuna kama St Maarten kule Karibi, nimeona video, ndege inapita juu ya vichwa vya watu wanaoogelea mpaka unadhani itawagonga, pale rubani lazima awe na moyo wa chuma

caravan_ya_asubuhi

Hapo ndugu nakupinga kwa heshima. Ile ni nzuri kutazama, si ngumu sana kutua. Njia yake ina kama mita 2,300, unakuja juu ya bahari tupu umenyooka, hakuna mlima mbele yako wakati wa kushuka. Vilima viko upande wa pili, vinawahusu wanaoruka. Hatari yenyewe ni ya watu walioko pwani, kwa sababu wanashika uzio ndege kubwa ikiwasha injini kuondoka, na mwaka 2017 mama mmoja kutoka New Zealand alisukumwa na ule upepo wa injini akafa. Watu wanafanya mchezo na kitu kisichochezewa.

Ukitaka ugumu nenda kisiwa cha jirani hapo hapo, Saint Barthélemy. Njia ina kama mita 650, unapita juu ya kilima chenye barabara ya magari juu yake, halafu unaangusha ndege kufuata mteremko wa kilima, na ukizidisha unaingia ufukweni. Au Saba, mita 400 tu, jabali huku na huku. Hizo ndizo rubani akikwambia nimetua unamtazama mara mbili.

mwanamji_glasgow

Nimeukuta uzi huu usiku wa manane na usingizi umekwisha. Mimi ni wa Amu lakini naishi Scotland miaka mingi, nataka niwape kisa cha Barra, na naomba wazee wa gati mnisikilize kwa makini kwa sababu hiki ni chenu.

Barra ni kisiwa huku magharibi ya Scotland, na kiwanja chake cha ndege ni ufuo wa bahari. Si karibu na ufuo, ni ufuo wenyewe, mchanga mtupu. Wamechomeka nguzo za mbao kuonyesha vichwa vya njia tatu, na maji yakijaa zote tatu zinazama, samaki wanapita pale ndege ilipotua asubuhi. Ratiba ya ndege inafuata maji, wiki hii yaja mapema wiki ijayo yachelewa, kama vile sisi tulivyokuwa tukipanga kwenda Matondoni au Kipungani kwa kutazama maji kwanza. Inasemekana ni mahali pekee duniani ambapo ndege za ratiba zinatua ufukweni namna hiyo.

Nilipanda Twin Otter kutoka Glasgow, ndege ndogo, nimekaa nyuma ya rubani karibu namgusa. Tukatoka mawinguni nikaona ghuba nyeupe maji yamepwa, vidimbwi vimebaki huku na huku, na watu wengine kule mbali wamechutama wanachimba kombe. Wallahi machozi yalinitoka. Niliona mama zetu wakichokoa chaza. Magurudumu yakagusa yakarusha maji pembeni, ikasimama, tukashuka tukatembea juu ya mchanga wenye mistari ile ya mawimbi. Nilimuuliza rubani wakati twashuka, unajuaje mchanga uko imara? Akaniambia watu wa kiwanja wanautazama kabla ya kila ndege, na yeye mwenyewe anatazama rangi, ukimeta maji sana haupendi. Nikamwambia kwetu ndivyo mtu wa dau anavyotazama kabla ya kupandisha chombo ufuoni. Tukasimama tunaongea kwenye baridi mpaka wakaniita begi langu.

Huyo jibu lake la swali la mleta uzi lilikuwa ni hapo hapo Barra, akasema hajachoka nako hata siku moja kwa sababu ufuo wa jana si wa leo.

mtu_wa_gati (mleta uzi)

Mwanamji umenigusa mahali. Nimekisoma kisa chako kwa sauti hapa gatini, wenzangu wote wamenyamaza, mmoja mzee wetu hapa amesema basi hao watu wa Barra wana kalenda ya mwezi hata kama hawasemi, kwa sababu mwenye kutua kwa maji lazima ajue bamvua, maji yajaapo na kupwa sana, na maji mafu, yajaapo kidogo. Mwenye kuwafikishia salamu zetu awafikishie.

mwanafunzi_wa_angani

Shikamooni wakubwa. Nasomea urubani, niko mwanzoni. Mwalimu wangu alituambia ukienda kiwanja kisicho na mnara wala mtu wa kukupa upepo kwa redio, tazama ishara za chini, moshi, nguo zilizoanikwa, mawimbi, na ule mfuko wa kitambaa ukiwepo. Mimi nilipopitishwa Lamu nilitazama mashua zilizotia nanga mlangoni, zote zilikuwa zimeelekea upande mmoja, nikasema upepo watoka huko. Nilijibu sawa?

mtu_wa_gati (mleta uzi)

Marahaba mwanangu. Hapo ulikosea na ni vizuri uambiwe sasa ukiwa bado unajifunza. Chombo kilichotia nanga mlangoni pale kwetu hakifuati upepo, chafuata mkondo. Maji yakitoka zote zaelekea huku, yakijaa zote zageuka, na upepo hata usibadilike. Ukizisoma hizo utatua na upepo mgongoni. Tazama chombo kinachokwenda kwa tanga. Tanga limelalia upande gani, upepo watoka upande wa pili yake. Na ukiona dau labisha, yaani lakwenda pembe pembe mara huku mara huku, basi lataka kwenda kule upepo unakotoka, hapo huna haja ya kuuliza mtu. Na tazama uso wa maji nje ya mlango, kule wazi, ile mistari myembamba yaonyesha, na upande uliofunikwa na nchi maji huwa laini kama kioo, upepo watoka huko.

caravan_ya_asubuhi

Mzee hii ya mashua za nanga naichukua, mimi pia niliwahi kuzitazama. Moshi wa mashambani Manda ndio nilikuwa nauamini zaidi, bila kujua kwa nini hizo mashua zilikuwa zinanidanganya.

mwanafunzi_wa_angani

Asante sana mzee nimeandika kwenye daftari. Kuna mahali nimesoma habari za Lukla kule Nepal ikanitisha, kweli hakuna kughairi?

caravan_ya_asubuhi

Kweli. Lukla iko mita 2,845 juu, ndiyo kiwanja cha watu wanaokwenda kupanda Everest, njia ina mita 527 na imeinama kama paa, karibu asilimia 12, yaani kichwa cha juu kimezidi kile cha chini kwa kama mita 60 hivi. Unatua ukipanda mlima, ule mwinuko ndio breki yako, na unaruka ukiteremka, mteremko unakusukuma. Ni akili nzuri sana kwa mahali pasipo na tambarare. Lakini juu mwisho wa njia kuna mlima, ukishakaribia huwezi kuinua pua uzunguke, utagonga. Kwa hiyo uamuzi wanaufanya mapema, wakiona wingu limeingia bondeni wanageuka kabla ya mahali pale pa kutorudi, na ndege nyingi hufanywa asubuhi kabla ya upepo na mawingu ya mchana. Paro kule Bhutan ni ndugu yake, ila pale ndege kubwa za injini za jeti zinapita kati ya milima bondeni, mchana tu na kwa macho tu, na marubani walioruhusiwa ni wachache mno.

Nakwambia wewe mdogo wangu kwa sababu ndiyo unaanza, usimtamani rubani aliyetua kila siku. Mtamani yule aliyeghairi.

binti_mkomani

Hiyo ilinitokea! Mwaka juzi tulikuwa tushakaribia kabisa naona boti gatini, ghafla injini zikapiga kelele tukapanda tena, watu walilia, mama mmoja jirani yangu alisoma shahada kwa sauti. Tukazunguka tukatua salama. Baadaye abiria wengine wakawa wanamlaumu rubani ati hajui kazi.

caravan_ya_asubuhi

Dada yangu huyo alijua kazi. Huenda upepo ulibadilika, huenda kulikuwa na mnyama njiani, huenda alikuwa juu kidogo kuliko alivyotaka. Ndege iko na nguvu ya kupanda, mafuta yapo, anga ipo, kuzunguka ni dakika chache. Nitakupa mfano wa kusikitisha. Madeira, kisiwa cha Ureno, kiwanja kimebanwa kati ya mlima na bahari na upepo ukishuka mlimani unapinda pinda. Tarehe 19 Novemba 1977, usiku wa mvua, ndege ya TAP, shirika la Ureno, ilitua mbali kwenye njia iliyolowa, njia yenyewe zamani hizo ilikuwa fupi, kama mita 1,600, ikapita mwisho ikaanguka chini. Watu 131 walikufa. Baada ya hapo wakairefusha, na kwa kuwa ardhi ilikuwa imekwisha wakajenga njia juu ya nguzo 180 za zege zilizosimama kando ya bahari, tangu 2000 ina urefu wa mita 2,781. Na mpaka leo upepo ukizidi kipimo walichoweka ndege hazitui, zinazunguka zinasubiri au zinakwenda kisiwa cha pili, Porto Santo. Abiria wanakasirika kila mara. Mimi nikiwaza wale 131 siwezi kumkasirikia mtu anayesubiri upepo.

sabaki_mwekundu

Mwenyezi Mungu awarehemu. Mimi baba yangu alikuwa nahodha na kitu alichorudia kila siku ni kwamba chombo hakisafiri kwa ahadi uliyompa mtu wa bandarini, akaweza kukaa Malindi siku tano akisubiri matlai, upepo wa mashariki, na tajiri wa mzigo anapiga kelele.

mtu_wa_gati (mleta uzi)

Allah amrehemu baba yako. Ndiyo maana mimi nataka hawa vijana wetu wanaosomea urubani wajue maneno haya, omo na tezi (mbele na nyuma ya chombo), matlai, umande (upepo utokao nchi kavu), kubisha, kusi na kaskazi. Wasidhani elimu ya upepo imekuja na ndege. Wakifika darasani wakute nusu ya somo washalijua kwa lugha ya mama zao, watashika haraka zaidi na wataipenda zaidi. Mimi niko tayari kumchukua mwanafunzi yeyote wa urubani kwenye boti yangu bila nauli, avuke na mimi kwenda na kurudi maji yakiwa yatoka, ashike usukani mwenyewe, auone huyo kaa kwa mikono yake kabla hajamuona angani.

mwanafunzi_wa_angani

Mzee mimi wa kwanza. Nakuja Ijumaa na ndege ya asubuhi inayopitia Malindi.

mgeni_wa_nakuru

Na mimi nakuja na mke wangu siku hiyo hiyo, mara ya kwanza kabisa. Tukae upande gani tuone vizuri?

sabaki_mwekundu

Mkiondoka Malindi kuja Lamu, kulia ni bahari, kushoto ni nchi. Kaeni kushoto. Mtaona Sabaki mara tu mkipanda, kisha delta ya Tana, mashamba ya mpunga na vijito kila upande mpaka Kipini mto unapoingia baharini. Mke wako mpe dirisha.

mtu_wa_gati (mleta uzi)

Karibuni sana wote. Ijumaa ni bamvua, maji yajaa saa kumi jioni, kwa hiyo asubuhi saa nne mtakuta yamepwa kabisa na gati itakuwa juu, mtashuka ngazi nyingi na zile za chini zina mwani zateleza. Vaeni viatu visivyoteleza, mabegi tuachieni sisi, na bwana umshike mkono bibi yako. Mwanafunzi wewe ukishuka usipande boti ya kwanza, ningoje pale kwenye kivuli mpaka maji yaanze kuingia, mkondo ukishika ndio tutaondoka.